Siku Moja ya Mfamasia Newala: Kipokezi Kimoja, Dawa Mbili

Saa 1 asubuhi. Ukungu bado umetanda Newala ninapofungua stoo na kusoma kipimajoto cha jokofu la insulini, kinachoonyesha nyuzi 5. Ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na kwa kuwa vumbi lake huwabana kifua wenye pumu, naweka inhela za salbutamoli karibu na dirisha.

Saa 4. Mzee mmoja mkulima anaingia akishikwa mkono na binti yake, kifua kinalia kama filimbi.

"Shikamoo, babu. Umemeza dawa gani nyingine?"

Anashindwa hata kuitikia. Binti anafungua pindo la khanga na kutoa vidonge viwili vya propranololi, vilivyobaki katika vile alivyopewa na jirani kwa ajili ya moyo kwenda mbio. Nampeleka kwa daktari papo hapo.

Salbutamoli hukaa kwenye vipokezi vya beta-2 (protini zinazopokea ujumbe wa kemikali) vilivyo juu ya seli za misuli ya njia za hewa. Kipokezi kikishaipokea hubadilika umbo na kuichochea protini ya G iliyo upande wa ndani wa utando wa seli, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mzunguko, mjumbe anayeifanya misuli ilegee na hewa ipite. Propranololi hukaa mahali palepale pasipo kuamsha chochote, na salbutamoli ikifika hukuta nafasi imeshikwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba moyo wake ulikwenda mbio kwa sababu ya salbutamoli yenyewe, aliyokuwa akiivuta usiku kucha, maana moyo nao una vipokezi vya beta.

Daktari anampa oksijeni na ipratropiamu, ambayo huzuia vipokezi vya aina nyingine, vya muskarini, visipokee amri ya kubana misuli. Njia hiyo propranololi haiigusi.

Saa 8 mchana nakaa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambao hudhani majina ya vipokezi ni ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Nawaeleza kwamba mwanasayansi Raymond Ahlquist alivigawa vipokezi vya adrenalini kuwa alfa na beta mwaka 1948, na kwamba mwenzake wa fani hiyo, James Black, aliujenga juu ya mgawanyo huo utafiti uliotupa propranololi, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kisha nawapeleka wakamsikilize mzee kifuani.

Saa 10 jioni. Propranololi imepungua mwilini, salbutamoli imeanza kusaidia tena, na mzee anazungumza sentensi nzima bila kukatika. Natoboa kitako cha chupa ya maji, nachomeka inhela, naye anavuta taratibu kupitia mdomo wa chupa mpaka anapatia.

Kwenye kadi yake naandika kwa wino mwekundu: ASIPEWE PROPRANOLOLI. Binti anaisoma kwa sauti, kisha anauliza kama dawa za jamii hiyo zina majina mengine. Naongeza chini yake: WALA ATENOLOLI.