Mita 42 juu ya Uyole

Jumamosi ya leo sitaisahau. Tumekutana kiwanjani huku Uyole, Mbeya, saa moja asubuhi, baridi ya Julai inakata masikio, wanaklabu tisa na roketi zetu za chupa za soda za lita moja na nusu. Theluthi moja maji, iliyobaki hewa, halafu pampu ya baiskeli. Maji yakizidi, roketi inakuwa nzito. Yakipungua, msukumo unaisha mapema. Ukiiachia, hewa inayasukuma maji chini kwa nguvu, na roketi inapaa.

Yangu ya kwanza ilipinda ikaangukia shamba la viazi. Pezi moja lilikuwa limelegea. Mama mwenye shamba akatuletea mwenyewe. "Shikamoo mama, tusamehe." "Marahaba wanangu, haijavunja kitu. Hebu irusheni tena nione."

Nikabandika mapezi upya kwa gundi na kuyaacha yakauke vizuri. Nikapampu mpaka geji ikasoma 60, wote tukarudi nyuma, nikavuta kamba.

Jamani, ilinyooka kama mshale! Mwenzangu alikuwa amesimama mita 50 kutoka pale, akapima pembe ya pale roketi ilipofika juu kabisa, kwa kipimapembe chenye uzi na kokoto: nyuzi 40. Tukapiga hesabu palepale, mita 42! Parachuti niliyoishona kwa kitambaa cha mwavuli mbovu ikafunguka, ikashuka taratibu, na kwa mbali mlima Loleza umeanza kutoka kwenye ukungu. Yule mama akapiga vigelegele. Nilitokwa na machozi.