Saa Moja Ambayo Hatukuifanyia Kazi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Marko 6:31: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo."

Mwaka jana, usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nilikuwa zamu. Mliopo kwenye kazi ya kuhudumia wazee hapa Uingereza mnaujua usiku huo. Ikifika saa nane, saa zinarudishwa nyuma hadi saa saba, na wewe ambaye saa hiyo umeshaimaliza, umegeuza wazee na kubadilisha mashuka, unaianza upya. Zamu ya saa kumi na mbili inageuka ya kumi na tatu. Waingereza wamekuwa wakisogeza saa namna hii tangu 1916, na asubuhi yake utawasikia wakifurahi kwamba wamepewa saa moja ya bure. Inategemea ilikukuta wapi, kitandani au koridoni.

Mwaka huu ilinikuta kitandani. Familia tatu za ushirika wetu tulichanga tukapanga nyumba ya shambani huko Herefordshire, karibu na mpaka wa Wales, Ijumaa hadi Jumatatu. Kuta za mawe, dari fupi, na mume wangu alishagonga boriti kwa kichwa mara mbili kabla hata hajatua mabegi. Sebuleni kulikuwa na jiko la chuma la kuni. Tulibeba sufuria zetu, mchele, unga, na maandazi ndoo nzima, maana hatukuwa na hakika na maduka ya huko. Mtandao wa simu hapakuwa. Nakiri kwamba saa ya kwanza niliimaliza nikizunguka bustanini, simu nimeinyanyua juu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Kamusi zetu huyaita majira haya vuli, lakini aliyekulia kwetu akisikia vuli anawaza mvua na jembe. Huku ni majani yanayopukutika, ukungu bondeni hadi karibu na adhuhuri, na moshi wa kuni. Herefordshire ni mkoa wa matufaha, hasa yale ya kukamuliwa kutengeneza kileo. Yalikuwa yameanguka tele chini ya miti. Watoto waliokota moja, wakaling'ata, wakalitema hapo hapo. Lilikausha ulimi kuliko ndizi mbichi. Kwenye geti la shamba moja tukakuta meza ina trei za mayai na kopo la pesa, mwenyewe hayupo. Mume wangu akasimama pale anapiga hodi, hodi jamani, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akamwonyesha kopo na kupita zake. Tukalipa, tukachukua mayai. Tuliondoka tukigeuka nyuma, kama wezi.

Jumapili tukaenda kanisa la kijiji. Mlangoni palibandikwa karatasi kwamba ibada wiki hii iko kijiji kingine. Mchungaji mmoja huku huhudumia makanisa kadhaa kwa zamu. Lakini mlango haukufungwa. Tukaingia, tukaimba tenzi zetu, watu wazima sita na watoto saba, na baridi ya mawe inapanda miguuni. Kisha tukapanda kilima nyuma ya kanisa, na kule juu simu zikashika mtandao. Nikampigia mama.

"Kumbe leo mmerudi nyuma yetu saa tatu," akasema. Majira ya joto huwa ni mbili. Akauliza tuko wapi, tunafanya nini huko porini.

"Tumepumzika tu, mama."

Kimya. Halafu: "Mnaumwa?"

Nilicheka, lakini swali hilo nimelibeba wiki nzima. Mama hakukosea. Katika miaka yake yote sijawahi kumwona amekaa mchana bila kazi mkononi isipokuwa akiwa na malaria. Mimi nimeirithi hiyo, nikaja nayo ng'ambo, nikaiongezea zamu za ziada, pesa za kutuma nyumbani, na michango ya harusi za watu nisiowakumbuka sura. Tena nikaipaka mafuta ya kiroho, nikaiita bidii. Zaburi 127:2 inasema, "Kazi yenu ni bure, mnaoamka mapema, na kukawia kwenda kulala, na kula chakula cha taabu. Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Kwenye mabango ya semina zetu mstari huu sijawahi kuuona.

Tukishuka kilima, binti yetu alikuwa anaokota zile mbegu za kahawia zinazong'aa ambazo watoto wa huku huzitoboa, wakazitunga kwenye uzi na kuzigonganisha. Akaniletea na kijiti cha mti wenyewe. Nikakiangalia kwa karibu. Pale jani lilipoachia pana kovu la umbo la kiatu cha farasi, kamili na alama za misumari. Na juu ya kovu, chipukizi nene, jekundu la kuelekea kahawia, linanata kwenye kidole kama gundi. Hilo ndilo jani la Aprili, nalo lilikwisha kukaa pale kabla hili la mwaka huu halijadondoka. Mti hauvuliwi majani na upepo tu. Kwanza unayanyonya virutubisho na kuvirudisha ndani, kijani kinakwisha, ile njano iliyokuwa imejificha inaonekana, halafu mti wenyewe unajenga ukuta mwembamba kwenye kikonyo cha jani na kuliachia.

Nimesikia mahubiri mengi kwa Zaburi 1:3, "wala jani lake halinyauki", yakielekezwa kwa ndugu aliyesimamishwa kazi au dada aliyejiuzulu uimbaji kwa kuchoka. Ukionekana umepukutika, basi mizizi yako ina shida. Sina uhakika kwamba mtunga zaburi alikusudia fimbo. Mstari huo huo unasema matunda huja "kwa majira yake". Na Yesu alipotafuta mfano alichukua mtini, ambao nao hubaki mtupu wakati wa baridi kabla tawi halijalainika tena.

Turudi kwa Marko. Kwa miaka mingi nilidhani wanafunzi walipumzika. Soma mstari wa 33 na 34. Watu waliwaona wakiondoka, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia kufika. Yesu aliposhuka alikuta mkutano mkuu, akawahurumia, akaanza kuwafundisha, na jioni wakalishwa elfu tano. Kwa hiyo mapumziko yote waliyoyapata yalikuwa yale ya mashuani. Basi. Lakini Bwana hakuwaambia wamalize kwanza kazi ndipo wapande, na wala hawakurudishwa ufukweni kwa kuwa wahitaji walikuwa bado wapo.

Jumatatu, tulipofika barabara kuu, simu zote zikalia kwa mpigo. Moja ilikuwa ya ada ya mpwa wangu. Nyingine ilitoka kazini: kuna pengo usiku wa leo, unaweza? Ya ada niliishughulikia tukiwa tumesimama kujaza mafuta. Ya kazini nikajibu kwamba leo siwezi. Zamu yangu ilikuwa Jumanne asubuhi, na mpaka hapo nilihesabu bado niko mashuani.

Usiku ule saa ziliporudishwa, watatu wa ushirika wetu walikuwa koridoni. Mnawajua. Tuwaombee wiki hii kwa majina, na atakayekuwa na nafasi Alhamisi apite kwa mmoja wao na chakula kilichopikwa, asikae sana, amwache alale. Mimi nitapeleka maharage. Wali natafuta mtu.