Seva ya stoo iliyotuokoa

Kuna siku siisahau: Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti Dar ikawa ya kubahatisha.

Mimi ndiye fundi wa mifumo kwenye duka la jumla la dawa, Kariakoo. Jumatatu asubuhi nafika, wateja wa mikoani wamejaa, wana basi la kuwahi. Jirani yetu aliyehamishia kila kitu klaudi, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, amekaa nje na simu, anaangalia kile kiduara kinazunguka tu.

Sisi tuliuza. Mauzo na hesabu ya stoo vinakaa kwenye seva yetu wenyewe, kompyuta ya kutunzia data, kile kisanduku cheusi nyuma ya makatoni ya panadol, na feni yake inayolia kama nzi. Haihitaji intaneti kutoa risiti. Klaudi tunaitumia kwa nakala za akiba za data yetu kila usiku, na ripoti za mwisho wa mwezi ambazo zingeielemea seva.

Bosi alikuwa akinisema kila siku: "Kijana, kwa nini tunalipa huku na kule?" Siku ile aliniletea chai mwenyewe.

Ila nisijisifu sana. Nakala za usiku zilikwama siku kadhaa, na kama lile boksi lingeungua wiki ile, sijui ningemwambia nini. Sasa nina diski ya pembeni, naenda nayo nyumbani kila jioni. Mke wangu anaiita mke mwenza.