Mkaja, kanchiri na korseti ya bibi harusi

Jumatatu aliingia dukani kwangu hapa Majengo binti mmoja, simu mkononi. Zimebaki wiki tatu aolewe. "Khala, nataka hivi siku ya kupamba." Picha ilikuwa ya gauni la korseti, kiuno kimebanwa kama cha nyigu. Nikampima: inchi 31. Yeye anataka 26. Nikamwambia, mwanangu, keti kwanza.

Sababu ninayo. Miaka sita nyuma nilimshonea bibi harusi mwingine gauni kama hilo. Mamake akawa ananihimiza, kaza, kaza bado, nami nikakaza. Ilikuwa Februari, na nyote mnalijua joto letu la Februari. Ukumbi umejaa wanawake, feni zinazungusha hewa ya moto. Alipokalishwa jukwaani niliona midomo yake imepauka. Nikapanda na mkasi wangu, nikamfunika mtandio mabegani kama ninayemtengeneza, nikaikata kamba mgongoni, mkato mmoja baada ya mwingine. Mkato wa nne ndipo akavuta pumzi, na mbavu zake nikazihisi zikisukuma vidole vyangu. Kwenye ngozi palikuwa na mistari myekundu, kila mstari pale nilipotia ufito wa kuikaza korseti.

Tangu hapo kila nikifunika cherehani usiku, nasoma habari za nguo za ndani. Nilitaka kujua hiki kitu nilichomfunga mtoto wa mwenzangu kimetoka wapi.

Korseti za Ulaya zilitiwa kile wanachokiita mfupa wa nyangumi. Si mfupa. Ni zile bapa zilizopangana kama chanuo kinywani mwa nyangumi, anazochujia chakula chake. Walizichana vijiti vyembamba. Ukizipasha moto zinapinda, zikipoa zinashika umbo ulilozipa. Mimi natumia fito za plastiki, na ukizipitisha kwenye mvuke wa pasi zinafanya vivyo hivyo. Kisha mwaka 1828 zikaja pete za chuma za vitundu vya kamba. Kabla ya hapo kila kitundu kilizungushiwa uzi kwa mkono, na ukivuta sana kitambaa kinachanika. Pete hizo ninazo boksi zima mezani. Kitundu kilipopata pete, kitambaa kikaacha kulalamika, na kamba ikaweza kukazwa kuliko zamani.

Lakini kuna kitu cha kale zaidi. Huko Sicily, kwenye nyumba ya Kirumi iitwayo Villa Romana del Casale, sakafu ya karne ya 4 ina picha ya vijiwe: wasichana wanacheza mpira na kufanya mazoezi, kifuani wamejifunga utepe wa kitambaa, chini wamevaa kama chupi. Nilipoiona nilimkumbuka nyanya. Nyanya yangu wa Kibokoni hakupata kuvaa sidiria. Alikuwa na kanchiri: kipande kirefu cha merikani, upana wa shubiri na kidogo, akikizungusha kifuani na kukichomeka chini ya kwapa bila pini wala kifungo. (Merikani yenyewe ni ile pamba isiyopaushwa, iliyoletwa pwani na meli za Wamarekani katika karne ya 19, ikabaki na jina lao.) Aliinama, akatwanga, akachota maji kisimani, na kanchiri haikulegea.

Mwaka 2008 huko Austria, katika ngome ya Lengberg, zilifukuliwa chini ya sakafu nguo za kitani za karne ya 15, na ndani yake sidiria nne zenye vikombe viwili vilivyoshonwa mbalimbali. Mojawapo ina vitundu vya kamba ubavuni kushoto. Kwa hiyo kabla korseti haijatawala, kuna fundi aliyekwisha kukata kitambaa kwa kulifuata titi lilivyo. Huyo natamani ningemwona mikono.

Watu wengi humtaja Mary Phelps Jacob wa New York kuwa ndiye aliyebuni sidiria, aliyepata hataza yake, yaani hati ya ubunifu, Novemba 1914. Alikuwa anakwenda dansi, fito za korseti zikawa zinaonekana kupitia gauni lake jepesi, akamwita mtumishi wake, wakashona leso mbili za hariri na utepe. Leso mbili! Nyanya angemwelewa mara moja. Sisi nguo yenyewe tuliipa jina la Kiarabu, sidiria, kutokana na sadri, kifua.

Na mkaja je? Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, nyanya alinifunga mkaja, kitambaa kirefu cha tumboni, kila asubuhi mpaka arubaini. Alinilaza, akaanza chini kwenye nyonga akipanda juu, na kila mzunguko aliuliza, "Wapumua?" Nikisema hapana, alifungua akaanza upya. Jioni aliufungua wote tumbo lipumzike. Ni nguo ya kubana, naam, kama korseti, ila iliukuta mwili uliofanya kazi ikaushika. Ndiyo maana hata kwenye posa zetu mama wa binti hutolewa fedha iitwayo mkaja: ni kumbukumbu ya tumbo lililomzaa. Sijasoma popote kwamba mama yeyote wa Ulaya alilipwa kwa ajili ya korseti.

Yote haya nilimweleza binti, yeye na simu yake. Hakusema mengi. Tukakubaliana 29, na mgongoni niache nafasi ya vidole vinne yenye kitambaa cha ndani, ili kamba iweze kulegezwa.

Jana alikuja kujaribu. Nikamfunga taratibu nikianzia chini, nikimuuliza neno lile lile la nyanya. Kisha nikamketisha kwenye kiti cha mbao, nikamtuma mwanangu alete mahamri matatu na mbaazi za nazi. Alikula yote, akanywa na chai. Alipoiweka sahani chini ndipo nikachukua chaki nikatia alama kwenye kamba.