Picha za watoto mpirani: shuka chini
Wazazi wenzangu mnaopiga picha watoto wakicheza mpira, hebu pigeni goti. Jumamosi nilijibanza kando ya goli, uwanja wa vumbi hapa Mbagala, simu ikiwa usawa wa kifua cha mtoto. Ukipiga umesimama unaambulia utosi na mchanga. Ukishuka unapata macho, ulimi uliotolewa nje, pengo la meno ya mbele, soksi moja juu nyingine kifundoni. Yaani picha inakuwa na mtu ndani yake!

Wenye kamera, wekeni kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) 1/1000 ya sekunde. Ikiwa ya polepole kuliko 1/500, miguu inageuka ukungu. Wa simu kama mimi, tupige mfululizo tuchague baadaye, na tusivute sana kwa zumu. Afadhali kusogea, au kuikata picha nyumbani.

Jua la saa sita ndilo adui: linatia kivuli machoni, watoto wote wanaonekana wamenuna. Saa kumi na moja jioni, ukilipa jua mgongo, hata vumbi linapendeza.

Halafu goli likiingia, msiukimbilie mpira. Mtazameni kipa aliyefungwa, na yule beki anayemnyooshea mwenzake kidole. Hapo ndipo nilipopata picha zangu bora.

Za watoto wa wenzangu nimezituma kwenye grupu letu la wazazi tu. Mwenye mwanawe akitaka kumweka statasi, hiyo juu yake.