Mtu wa Tanga kwenye chungu cha mlenda

Ukikaa Dodoma mjini unaweza kumaliza mwaka mzima usijue Wagogo, wenyeji wa huku, wanakula nini. Mahotelini kuna wali maharage, chipsi mayai na ndizi nyama, yaleyale ya Dar na Morogoro. Serikali ilipohamia na watumishi wake, mama ntilie nao wakapika wanachotaka wageni. Na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 ndiyo kabisa: mtu anakunywa chai Dar, mchana yuko Dodoma, tumbo bado la pwani.

Langu ni la Tanga. Nimekulia nazi na samaki wa bahari, na mboga isiyotiwa tui kwetu ni ya mgonjwa. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za umeme wa jua, ndiyo iliyonipeleka vijiji vya wilaya za Chamwino, Bahi na Kongwa, ambako hakuna pa kuchagua chakula. Mafundi tunakula kwa mama aliyeombwa atupikie, na anachopika ni ugali wa uwele na mlenda.

Mlenda naujua tangu utotoni, lakini wa kwetu ni majani mabichi, bamia na nyanya chungu. Huu wa Ugogoni mara nyingi ni unga. Wakati wa masika akina mama wanachuma majani ya porini, ilende na safwe hasa, wanayaanika juani mpaka yakauke kabisa, wanayatwanga na kuyahifadhi. Chunguni unakuwa mzito, kijani cha kuelekea weusi, na ukiinua mwiko unafuata kama uzi usiotaka kukatika. Pembeni kuna ugali wa kijivu, mzito, wenye harufu ya nafaka iliyokaangwa kidogo. Mwenzangu wa Moshi aliutazama, akasema ana biskuti kwenye begi.

Shida ya mlenda kwa mgeni si ladha, ni mkono. Ukichovya na kuinua moja kwa moja, uzi unakufuata mpaka kidevuni na shati limekwisha. Mama mwenye nyumba alinionyesha bila maneno mengi. Tonge liwe dogo, ulibonyeze kwa dole gumba lipate kishimo. Chovya, kisha kabla ya kuinua zungusha kiganja kama unafunga bomba, uzi ukatikie hukohuko bakulini. Peleka mdomoni haraka. Na usitafune sana. "Mwanangu, mlenda haubishaniwi," aliniambia, na watoto wakacheka kwa sababu walikuwa wananisubiri nichafuke. Ugali wa uwele una chembechembe kidogo, ukiumeza mkavu unakwama. Ukipita na mlenda unateremka wenyewe. Nilipolielewa hilo nikaacha kuitazama mboga ile kama adhabu.

Mvua za huku ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Mahindi yanakauka yakiwa yamechanua, uwele na mtama vinavumilia, ingawa kuna vita na ndege: kwelea kwelea wakishuka, shamba linaweza kuliwa lote, ndiyo maana unakuta watoto wamekaa shambani na manati. Mboga mbichi nayo ina miezi yake michache. Asiyekausha mlenda Machi, Septemba atakula ugali na chumvi. Wanaosema Wagogo hawajui mboga waje Oktoba waniambie wangepika nini.

Kupika nilijifunza kwa kukaa jikoni, jambo ambalo kwa mwanamume mgeni liliwachekesha wenyeji kiasi chao. Kwanza magadi. Kipande kidogo kinalowekwa kwenye maji, kinaachwa kituame, halafu unamimina maji ya juu tu. Mchanga na taka zinabaki chini. Maji ya chungu yakichemka unatia hayo maji ya magadi kidogo, kisha unanyunyiza unga wa mlenda huku unakoroga. Hapo usifunike wala usiende kupiga soga, maana unaumuka ghafla na kumwagikia moto. Ndani ya dakika chache umeiva. Chumvi mwishoni. Nyumba yenye uwezo inaongeza karanga zilizotwangwa, na hapo, nasema kama mtu wa nazi, mlenda unakuwa mboga ya kumwalikia mkwe. Magadi yakizidi unakuwa mchungu na wa sabuni. Yakikosekana, utelezi wenyewe unakuwa hafifu.

Kununua ni somo jingine. Pale soko la Majengo, Dodoma mjini, unga wa mlenda unauzwa kwa vipimo vya glasi au kikombe, na kwa macho yote unafanana. Chukua kidogo, usugue kati ya vidole karibu na sikio. Ukisikia kukwaruza, majani yalianikwa chini na mchanga umo humo. Kisha weka ncha ya kidole ulimini. Muuzaji mzuri hakasiriki ukifanya hivyo. Anayekasirika, msalimie na usogee meza ya pili. Salamu ina kazi yake: nikianza na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mama wa sokoni ananiuliza nimejifunzia wapi, na mara nyingi ananiambia mwenyewe mlenda upi ni wa mwaka huu.

Ubuyu ulinishangaza kwa namna nyingine. Sisi wa pwani ubuyu ni ule mwekundu wa sukari, iliki na pilipili, unaouzwa kwenye vipakiti nje ya shule. Huku nilikuta tunda lenyewe, kibuyu kigumu chenye manyoya laini kama kitambaa cha kofia. Unakipiga jiweni kinapasuka, ndani kuna vipande vyeupe vikavu vinavyoyeyuka mdomoni kwa uchachu mtupu. Shehena kubwa ya ubuyu unaotiwa rangi mijini hutoka mikoa hii ya kati, na mtoto wa Kigogo ukimpa ule mwekundu anakuona umeuharibu. Mama yule alikuwa akiuloweka kwenye maji ya vuguvugu, anausugua mpaka mbegu zibaki tupu, anachuja, kisha anautia kwenye uji wa uwele ukiwa umeshaepuliwa. Hakuna haja ya ndimu wala maziwa. Asubuhi ya Julai, na baridi ya Dodoma wasioijua wanaidharau, kikombe kimoja cha uji ule kinakufikisha saa saba mchana juu ya mnara wa tangi bila kuulizia chakula. Mbegu hazitupwi; mafuta ya ubuyu yanatoka humo.

Mengine nitayapitia haraka. Zabibu kila mgeni anazijua, zinavunwa mara mbili kwa mwaka na zinauzwa barabarani kwa ndoo. Nyingi ni za mvinyo, ngozi nene na mbegu, kwa hiyo usitegemee zile za dukani. Jumamosi kuna mnada wa Msalato, unachagua nyama ya mbuzi, inapimwa, inakwenda motoni, na huko sina la kufundisha mtu. Mtera, njia ya Iringa, wanakaanga perege wa bwawa. Ni mtamu, ila mimi samaki asiyejua chumvi ya bahari namhurumia tu. Pombe ya mtama, ujimbi, siwezi kuisimulia kwa sababu sinywi, lakini nimeona wazee wakiizunguka na hawakuonekana watu wa kusikitikia.

Mwenzangu wa Moshi alivumilia biskuti mpaka zikaisha. Siku ile mama alikuwa ametia karanga. Alikula tonge la kwanza amefumba macho, la tatu akasogeza bakuli karibu, na jioni akauliza kama kuna kiporo.

Nilipokwenda likizo nilibeba unga wa mlenda, uwele na kipande cha magadi kwenye mkebe wa maziwa. Dada yangu aliupika kama nilivyomwelekeza, akaonja, akanyamaza, kisha akaenda kukuna nazi. Tui zito likaingia chunguni mbele ya macho yangu. Utelezi ulibaki uleule, ladha ikawa kati ya kisamvu na kitu ambacho hakijapewa jina. Watoto walimaliza. Nilimpigia simu mama wa Chamwino kumsimulia, nikitegemea atafurahi au atanisema kwa hiyo nazi. Alicheka kwanza, halafu akauliza kitu kimoja tu:

"Na magadi alichuja?"

"Alichuja, mama."

"Basi mwambie mwakani nitampa wa karanga, aache hayo mambo ya minazi."