Seli zilizotulia za Majengo

Jumapili nilimkuta shangazi ana chupa ya maji meusi mezani. Shilingi 600, "dawa ya kuamsha kinga". "Wewe si ndiye wa maabara, mwanangu? Hii inafanya kazi?"

Nikaiacha chupa kwanza, nikamsimulia ya Majengo, mtaa ulioko Pumwani, Nairobi, maana huko ndiko alikokulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wanawafuatilia wanawake wa huko wanaoishi kwa biashara ya ngono tangu 1985. Wachache wao walikaa miaka na miaka bila kuambukizwa VVU.

"Hao kinga yao kali," akadakia.

Basi, ni kinyume.

Kwetu kazini (sampuli za Majengo sijawahi kuzigusa, tusidanganyane) damu ikishazungushwa kwenye mashine hujitenga. Juu maji ya manjano, chini wekundu, katikati utando mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa. Tunachokitafuta ni huo utando, maana ndimo zilimo seli za kinga. Unaunyonya umebana pumzi. Mkono ukitetemeka tu, umeuvuruga. Seli zikitiwa rangi hupita mojamoja mbele ya leza, kila moja ikawa nukta kwenye skrini. Rangi hunasa alama zilizo juu ya seli: CD4 hutambulisha seli ya kinga ambayo virusi huipenda, CCR5 ni kishikio cha pili vinapoingia, na CD69 hujitokeza seli ikishagutushwa.

Mwaka 2009 waliripoti kwamba wanawake wale wana seli chache zenye CD69. Zimetulia! Virusi huzaana vizuri ndani ya seli iliyoamka; kwenye iliyolala hukwama. Ila utulivu huo haukuwa ngao ya milele: baadhi yao walioacha kazi kwa muda walikuja kuambukizwa.

Ndipo watafiti wakajiuliza kama seli zinaweza kutulizwa kwa dawa. Utafiti wa Nairobi uliotoka 2018 uliwapa wanawake aspirini ndogo kila siku kwa wiki 6, na seli za CD4 zenye CCR5 kwenye njia ya uzazi zikapungua kwa takriban theluthi. Kwamba inazuia maambukizi, hilo halijathibitishwa. Nilimrudia mara mbili, namjua.

Akaitazama pakiti aliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo.

"Aspirini hii hii?"

"Hii hii, shangazi."

Akafungua ile chupa, akanusa, akakunja uso. Kisha akatoka hadi kwa jirani aliyemuuzia, kuulizia 600 zake.